Acheni Uvivu wa Masikio: Forever Love ya X Japan Siyo Ngoma Moja Iliyouzwa Mara Tatu

Haya wadau, ubuyu wa nani kaachana na nani upo na utakuja, msiwe na presha. Leo kuna jambo jingine limenikaba koo, na nisipolisema nitalala vibaya.

Kuna mchambuzi mmoja wa muziki mtandaoni, jina kapuni. Wanaomfuata mnamjua, yule ambaye hata akipiga chafya watu wanamwaga moto chini ya posti. Huyu bwana safari hii kaigeukia Japani. Hoja yake ni fupi: bendi ya X Japan ilitoa ngoma yake ya taratibu inayoitwa Forever Love mara tatu ndani ya mwaka mmoja na nusu, kwa hiyo ni wapigaji tu, waliwauzia mashabiki kitu kilekile wakabadilisha karatasi ya juu. Watu wakashangilia. Mtangazaji mmoja wa redio, naye jina kapuni, akaidaka hoja hiyo akaipeleka hewani kama ilivyo, hata vumbi hakuipangusa. Halafu akatokea dada mmoja mwenye ukurasa wa katuni za Kijapani kuitetea bendi, akaharibu zaidi. Yeye anasema toleo la kwanza ndilo wimbo wenyewe, hayo mengine ni makapi ya kampuni, wala msijisumbue nayo.

Ukiwatazama unaweza kudhani wana bifu. Hakuna bifu hapo, wanakula sahani moja. Mmoja anasema matoleo yote ni kitu kimoja, mwingine anasema kuna moja tu linalohesabika. Wote wamejipa ruhusa ya kutosikiliza yaliyobaki. Huo naita uvivu wa masikio, na leo tunausema kwa jina lake.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili mwenye povu aanze kuliandaa: kutoa wimbo upya siyo wizi. Wizi ni kuutoa upya bila sababu yoyote ndani yake. Na kila toleo la Forever Love lina sababu unayoweza kuinyooshea kidole, ukiwa na kalenda mkononi na dakika chache za kukaa kimya.

TUJUANE NAO KWANZA

Kwa wale ambao Japani mnaijua kwa katuni na magari tu: X Japan ni bendi ya hevi metali. Ilianzishwa mwaka 1982 mkoani Chiba na marafiki wawili waliojuana tangu chekechea, Yoshiki na Toshi. Yoshiki ndiye mtunzi mkuu, anapiga dramu na piano. Toshi ndiye sauti. Mwanzo waliitwa X tu, jina la Japan likaongezwa mwaka 1992 walipotaka kuingia soko la Marekani, maana kule kulishakuwa na bendi nyingine inaitwa X.

Kwenye magitaa kulikuwa na Pata na hide. Ndiyo, hide kwa herufi ndogo, hivyo ndivyo alivyoliandika mwenyewe, na linatamkwa vilevile unavyolisoma kwa Kiswahili, hi-de. Kwenye besi alikuwepo Taiji, akaondoka, akaingia Heath mwaka 1992.

Sura zao zilikuwa tukio lenyewe. Nywele zimesimamishwa, rangi usoni, nguo ambazo hata wasanii wetu wanaopenda kuuza sura wangefikiria mara mbili. Mtindo huo Wajapani wanauita visual kei, na X Japan wanatajwa miongoni mwa waasisi wake. Dramu zilikwenda kasi mpaka unamhurumia mpigaji.

Sasa bendi ya namna hiyo ikawa inatoa pia nyimbo za taratibu za kuliza watu. Kwenye albamu ya Blue Blood ya mwaka 1989, katikati ya makelele yote yale, ipo Endless Rain. Mwaka 1993 ikaja Tears. Mtu ambaye hajawahi kuwasikia anaweza kuwekewa hizo mbili akabisha kwamba siyo watu walewale. Mashabiki wao walizoea: mtu anakuja ukumbini kurusha kichwa, anaondoka anajipangusa macho.

Forever Love inatoka kwenye ukoo huo. Utunzi wa Yoshiki, maneno ya Kijapani yanayochanganywa na Kiingereza, sauti ya Toshi ikipanda mpaka pale ambapo wengine tungeomba maji.

TOLEO LA KWANZA: JULAI 1996

Singo iliachiwa tarehe 8 Julai 1996, ikapanda mpaka namba moja kwenye chati ya Oricon, ile ambayo Wajapani huitazama kujua nani kauza. Ilitumika kama wimbo wa filamu ya katuni inayoitwa X, iliyoongozwa na Rintaro kutoka kwenye hadithi ya kundi la CLAMP, nayo ikaingia sinema Agosti ya mwaka huohuo.

Dada yetu wa ukurasa wa katuni anashikilia hapo kwa sababu hapo ndipo alipokutana nayo. Haki yake. Wengi wetu tunakutana na wimbo kupitia filamu, tangazo, au simu ya jirani kwenye daladala. Ila mahali ulipokutana na mtu kwa mara ya kwanza hapakuambii maisha yake yote.

Toleo hili lilikuwa na kazi: kusimama peke yake kama singo na kubeba filamu yenye mambo mazito, dunia inayokaribia kuisha na marafiki wanaojikuta pande mbili za vita. Lazima liwe kubwa, lijaze ukumbi wa sinema.

TOLEO LA PILI: NOVEMBA 1996

Tarehe 4 Novemba 1996 ikatoka albamu ya Dahlia. Ngoma kumi. Ya kumi, ya kufunga mlango, ni Forever Love. Ukigeuza kava ukasoma vizuri unaona wameandika kwamba ni toleo la akustiki.

Hapa ndipo mchambuzi wetu anapoumbuka. Ukinunua Dahlia ukasikiliza mwanzo mpaka mwisho, hujasikia ile ngoma ya Julai. Umesikia nyingine. Ngoma iliyovuliwa koti, ambayo piano na sauti ndivyo vinavyoshika usukani. Na imewekwa mahali ambapo bendi nyingine ya hevi metali ingeweka kelele kubwa kuliko zote, ili watu waondoke masikio yakilia.

Sasa fikiria. Dahlia ndiyo albamu yao ya mwisho ya studio kabla ya kuvunjika. Wao wenyewe huenda hawakujua hivyo siku hiyo. Ila leo ukiisikiliza, sauti ya mwisho kabisa ya albamu ya mwisho ni wimbo wa taratibu uliobaki na vitu vichache. Ukichomoa toleo hilo ukapachika la singo kwa kuwa eti ni kitu kimoja, umebadilisha namna albamu nzima inavyokata roho.

Na kwa kuwa mimi si mtetezi wa kila kitu, wacha niwape mashtaka ambayo mchambuzi angeyaleta kama angefanya kazi yake. Kwenye ngoma kumi za Dahlia, sita zilikuwa zimeshaonja soko kama singo kabla albamu haijatoka. Tears mwaka 1993. Rusty Nail mwaka 1994. Longing mwaka 1995. Kisha Dahlia yenyewe, Forever Love na Crucify My Love, zote mwaka 1996. Shabiki kindakindaki aliyekuwa ananunua kila singo, siku albamu inafika alikuwa tayari na zaidi ya nusu yake kabatini. Huyo alikuwa na haki ya kununa. Angekuja kwangu na lawama hiyo ningempa kiti akae.

Lakini oneni kichekesho. Katika lundo hilo la vitu vilivyorudiwa, mchambuzi kaenda kuchagua ngoma ambayo hawakuirudisha kama ilivyokuwa. Kamkamata aliyelipa nauli, waliodandia kawaacha.

TUELEWANE KUHUSU HAYA MANENO

Kabla ya toleo la tatu, tusimame kidogo, maana naona humu mtandaoni kila kitu kinaitwa remiksi. Msanii akibadilisha kava, remiksi. Akimwita mwenzake aongeze mistari minne, remiksi. Akiimba na gita moja kwenye kochi, remiksi. Siyo hivyo.

Wimbo ukirekodiwa studio, kila kitu kinakaa kwenye njia yake. Piano njia yake, sauti njia yake, dramu zina njia kadhaa, kila gita lake. Mtu wa kuchanganya ndiye anayeamua nani asimame mbele, nani arudi nyuma, nani anyamaze mpaka dakika fulani. Hiyo ndiyo miksi. Ukichukua vitu vilevile vilivyorekodiwa ukawapanga watu upya, una miksi mpya. Hakuna aliyeingia studio kuimba tena, ila unachokisikia kimebadilika. Ni kama picha ya harusi iliyokatwa upya: watu ni walewale, ila aliyekuwa pembeni sasa yuko katikati, na hadithi ya harusi inahama.

Toleo la akustiki ni jambo jingine. Hapo umeamua wimbo usimame na vyombo vichache. Toleo la jukwaani ni jingine tena: hapo hakuna kurudia, kikohozi ni kikohozi na machozi ni machozi. Na kusafisha rekodi ya zamani ili isikike vizuri kwenye vifaa vya sasa ni jambo la nne, na hilo ndilo kampuni hupenda kuliuza kwa maneno makubwa wakati mara nyingi tofauti ni ndogo.

Mtu asiyejua tofauti ya hayo manne akijiita mchambuzi, basi na mimi nijiite rubani kwa kuwa nimewahi kukaa dirishani.

TOLEO LA TATU: DESEMBA 1997

Twende kwenye lile linalotukanwa zaidi. Forever Love (Last Mix), tarehe 18 Desemba 1997.

Mchambuzi anasema: ona, singo imetoka Julai 1996, hii imetoka mwaka mmoja na miezi mitano baadaye, wimbo uleule, jina limeongezwa mkia. Upigaji. Makofi.

Katikati hapo kuna kilichotokea, na yeye hakukisema. Tarehe 22 Septemba 1997 X Japan ilitangaza kwamba inavunjika. Toshi anaondoka. Yule wa chekechea. Bendi iliyodumu miaka 15 inaisha kwa sababu mmoja wa wale watoto wawili hataki tena maisha yale. Bendi haikuendelea kula hela na mwimbaji mwingine. Wakaamua kufunga duka kwa onyesho moja la mwisho, Tokyo Dome, mkesha wa mwaka mpya.

Hesabu sasa. Last Mix imetoka tarehe 18, onyesho ni tarehe 31. Siku 13. Jina la toleo halikuwa mkia wa kuuzia, lilikuwa tangazo la msiba lililowekwa dukani ili watu wajiandae. Aliyeinunua wiki hiyo hakuwa anadanganywa kwamba ni ngoma mpya. Neno la mwisho limeandikwa juu ya kava, na nchi nzima ilikuwa inajua lina maana gani.

Je, kampuni ilipata hela? Ilipata, sasa ulitaka igawe bure sokoni? Mwenye duka la majeneza naye anapata hela, na hakuna anayesema marehemu alikufa kwa kiki. Hela na majonzi vinaweza kukaa chumba kimoja. Watu wazima tunajua hilo, tumechangishana kwenye misiba mingi.

Usiku wa tarehe 31 Desemba 1997 wakapiga Tokyo Dome. Rekodi za onyesho hilo zilikuja kutolewa baadaye kwa jina la The Last Live, na mwenye moyo mwepesi asizitazame peke yake. Usiku huohuo wakatokea kwenye Kohaku Uta Gassen, kile kipindi cha NHK cha kufunga mwaka ambacho familia za Kijapani hukaa pamoja kukitazama, kama ambavyo kwingine watu hukusanyika kwa fainali ya mpira. Wimbo waliouimba mbele ya taifa zima ni Forever Love.

Watu wawili waliokuwa wanaachana, wanaimba mbele ya nchi wimbo wenye jina la mapenzi ya milele. Halafu mtu wa kofia na kipaza sauti anakuja kuniambia kwamba ni ileile ya filamu ya katuni.

TOLEO AMBALO HALIKUUZWA

Nilisema mwanzo kuna jambo zito. Hili ndilo.

Tarehe 2 Mei 1998 hide alifariki dunia. Alikuwa na miaka 33. Ilikuwa miezi minne tu baada ya Tokyo Dome. Mazishi yake yalifanyika tarehe 7 Mei katika hekalu la Tsukiji Hongan-ji jijini Tokyo, na watu walifurika barabarani kwa makumi ya maelfu. Ndani ya mazishi hayo wenzake waliosalia walimwimbia. Toshi, aliyekuwa ameondoka, alirudi kuimba. Yoshiki akakaa kwenye piano. Wimbo ulikuwa Forever Love.

Toleo hilo halikuwa na kava, halikuwa na bei, halikuingia Oricon. Ila ukitaka kujua kama huu wimbo ulikuwa mchongo wa kupiga hela au la, anzia hapo urudi nyuma. Watu hawaendi mbele ya jeneza la rafiki yao na bidhaa. Wanakwenda na kitu wanachokiamini.

Na hapa ndipo hoja ya dada wa katuni nayo inavunjika, ile ya kwamba toleo la kwanza tu ndilo halisi. Dada yangu, wimbo ulipotoka mwaka 1996 ulikuwa unaongelea mtu asiyejulikana. Mwaka 1997 ukawa unaongelea bendi. Mwaka 1998 ukawa unaongelea hide. Maneno hayakubadilika hata herufi moja. Watu ndio walibadilika. Ukisema la kwanza tu ndilo halisi, unawaambia walioupokea kwenye mazishi kwamba waliimbiwa makapi.

KWA NINI NAWEKA MOYO HAPA

Mtasema mbona nakasirika hivi kwa ajili ya bendi ya Kijapani. Nakasirika kwa sababu hoja hizi mbili, ya mchambuzi na ya dada, zikifuatwa mpaka mwisho zinafika pabaya.

Tukikubali kwamba matoleo yote ni kitu kimoja, basi kampuni yoyote ina haki ya kubakiza moja mtandaoni na kufuta mengine. Kwani yana tofauti gani? Na tukikubali kwamba moja tu ndilo halisi, basi yaliyobaki yakipotea hakuna wa kulia. Njia mbili, shimo moja. Na kwenye simu zetu tunaona inavyokwenda: unatafuta wimbo, unaletewa toleo ambalo programu imeamua, hakuna tarehe ya kueleweka, hakuna maelezo nani alipiga nini. Unalipenda au unalichukia, unahukumu wimbo wote.

Lakini rekodi zina mikono ya watu ndani yake. Zile za 1996 na 1997 zilifanywa hide akiwa hai. Hakuna pesa duniani itakayotengeneza nyingine. X Japan waliporudiana mwaka 2007, walitoa wimbo unaoitwa I.V., wakaingiza humo sauti za gita alizokuwa amerekodi hide enzi za uhai wake na hazijawahi kutumika. Mnajua maana yake? Kwamba kipande kidogo kilichoachwa studio, ambacho mtu mwingine angekiona uchafu wa kazi, kilikuja kuwa njia pekee ya marehemu kupiga tena na wenzake. Taiji naye alifariki mwaka 2011. Heath mwaka 2023. Kila mwaka unaopita, rekodi za zamani zinaongezeka uzito, kwa sababu waliozipiga wanapungua.

Kwa hiyo mtu akisimama akaniambia toa hiyo, weka hii, zote sawa tu, nasikia anasema kitu kingine kabisa. Anasema mikono ile haina kazi tena.

SASA LAWAMA YENYEWE NAWAPA BURE

Kama mna hamu kweli ya kukasirikia matumizi ya Forever Love, nawapa pa kukasirikia, na sijui kwa nini mchambuzi hakupaona.

Mwaka 2001 Japani ilipata waziri mkuu mpya, Junichiro Koizumi, mzee wa nywele ndefu aliyependwa kama msanii. Mwaka huohuo chama chake cha LDP kikatumia Forever Love kwenye matangazo yake ya televisheni. Wimbo ambao miaka mitatu kabla uliimbwa mbele ya jeneza, sasa uko nyuma ya sura ya mwanasiasa anayetaka kura.

Najua utetezi upo. Koizumi alijulikana kuwa shabiki wa kweli wa X Japan. Yeye na hide wote ni watu wa Yokosuka. Sawa, shabiki ana haki ya kupenda. Ana haki ya kuupiga nyumbani mpaka majirani wahame. Ila kuna tofauti kati ya kuupenda wimbo na kuufanya ukufanyie kampeni. Kwenye tangazo la chama hakuna aliyepanga vyombo upya, hakuna aliyevua koti la wimbo, hakuna aliyeaga mtu. Wamechukua majonzi ya watu yaliyokuwa bado mabichi wakayapaka juu ya sera. Huko ndiko kutumia wimbo bila kuuongezea chochote.

Ndiyo maana kipimo changu hakihesabu matoleo. Hata yawe kumi, sawa tu. Nauliza swali moja: limetoka kwa sababu gani, na sababu hiyo inasikika ndani yake? La Julai 1996, inasikika. La Novemba, inasikika. La Desemba 1997 imeandikwa mpaka kwenye jina. La kwenye mazishi, hata kuuliza ni aibu. La tangazo la chama, hapo nyamazeni mtafute wenyewe.

Kipimo hichohicho chukueni mrudi nacho nyumbani. Msanii wetu akitoa ngoma upya, msikimbilie kusema kafulia. Ulizeni kabadilisha nini na kwa nini. Kama jibu ni jina la mgeni kwenye kava na mistari minne ya kulala usingizi, mpeni vyake bila huruma. Kama kuna kitu kimemtokea na unakisikia kwenye sauti, mpeni heshima yake.

NA NYIE MLIOSHANGILIA, KAZI HII HAPA

Usiku wa leo, simu weka pembeni baada ya kubonyeza, usipitishe pitishe. Anza na Forever Love ya singo ya mwaka 1996. Halafu ile ya akustiki inayofunga Dahlia, na kama unaweza isikilize baada ya albamu nzima, maana ndipo ilipopangwa. Halafu Last Mix. Mwisho kabisa, ile ya jukwaani ya tarehe 31 Desemba 1997, macho yako kwa Toshi na Yoshiki.

Fuata mpangilio huo huo, usiruke. Ukimaliza, kama bado utasema umesikia kitu kimoja mara nne, rudi hapa uniandikie kwa herufi kubwa na sitakufuta. Nitajua tu kwamba masikio yako yana likizo.

Kwa mchambuzi wetu, jina bado kapuni na litaendelea kukaa kapuni: una wafuasi wengi kuliko mimi, na sauti nzuri kuliko mimi. Vitumie kusikiliza kabla ya kusema. Watu wanaokuamini wanastahili zaidi ya hesabu ya kujumlisha singo. Kwa mtangazaji: kabla ya kupeleka hoja ya mwenzio hewani, ipige hata mswaki. Kwa dada wa katuni: mapenzi yako ni ya kweli, yanyooshe mkono yafike mpaka Desemba.

Komenti ziko wazi. Povu ruksa, matusi hapana. Anayekuja kubisha aje na jina la toleo na tarehe yake. Asiyezijua akae mbele, asikilize kwanza.